Kutoka Luano Mpaka Calama na Yaya Anaclet

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, wamama wa kwaya mlinizunguka pale nje ya kanisa na kila mmoja alikuwa na swali lake. Ni kweli yaya Anaclet alimuuliza dereva wa ndege kama amekula? Ni kweli mbwa alikamata finkubala zetu? Na huo upande wa dunia wanakula nini? Nilijibu la kwanza mkacheka, la pili likapotea ndani ya kicheko, na nilipofika nyumbani Katuba nikaona sikuwaeleza hata robo. Basi nimeketi, chai iko karibu, nawaandikia yote kama yalivyokuwa. Mambo ya tikiti na visa nayaruka. Aliyewahi kupanga ile foleni anaijua, na asiyewahi namwombea asipange.

Kwa wale wasiojua sababu ya safari, nianze na Nadège, binti wa kaka yangu mkubwa, huyo yaya Anaclet. Alisoma mambo ya mawe na madini chuo kikuu kule Kasapa, akapata kazi kwenye machimbo upande wa Kinsevere, na huko akakutana na kijana wa Chile anayeitwa Matías. Walipendana katikati ya vumbi la shaba. Mkataba wa kijana ulipoisha alirudi kwao Calama, mji wa shaba ulioko jangwani kaskazini mwa Chile, na haukupita muda mrefu Nadège naye akapata kazi huko. Mama yake alikwisha kufariki, kwa hiyo mazungumzo ya ndoa yalipita mikononi mwangu, mimi shangazi.

Yaya Anaclet mnamjua: maisha yake yote ya kazi aliendesha gari moshi, Lubumbashi mpaka Kamina, Kamina mpaka Kabalo, na kitu kisichopita juu ya reli hakiamini sana. Matías alipompigia simu kuomba binti, tena kwa Kiswahili chetu alichojifunza huku, yaya alimuuliza swali moja tu.

"Kutoka Luano mpaka kwenu, ni safari ya muda gani?"

Kijana ni mkweli. Akasema ni kilomita elfu kumi na kidogo, na ndege ikiruka moja kwa moja inaweza kufika kwa saa kumi na mbili hivi.

"Na ile ndege yenye kuruka moja kwa moja, iko?"

"Hapana, papa. Haiko."

"Basi unanipatia saa ya ndege yenye haiko." Akakata simu.

Siku kadhaa hakutaka kusikia habari hiyo. Jioni moja akaja kwangu, akakaa barazani, akanieleza kilichomkaa rohoni. "Yvonne, mutoto akigonjwa kule, miye nitafika siku gani? Na siku nitakufa, yee atakuta kaburi tu. Siwezi kutoa mutoto bila kujua njia. Nitaenda miye mwenyewe, niipime. Nikiona muntu anaweza kuipita, nitabariki. Nikiona haiwezekane, nitarudi na Nadège."

Nadège naye akajibu kutoka huko kwamba bila neno la baba yake hataingia kanisani, hata kama wageni wameshakaa na padri ameshavaa. Arusi ilikuwa Jumamosi mchana. Tuliondoka Jumanne.

Luano

Ndege ilikuwa iondoke saa sita. Saa sita ilipita, saa saba ikaifuata, na sisi tuko palepale kiwanjani Luano na mabegi yetu. Begi langu lilikuwa na vitenge vya arusi. Begi la yaya lilikuwa na chakula: finkubala, wale viwavi wetu, zilizokaushwa, samaki wa moshi na unga wa muhogo, maana hakutaka binti yake aolewe juu ya tumbo geni.

Kila mara alisimama akaenda kuitazama ndege kupitia kioo. "Locomotive ikikufa, siye tulikuwa tunashuka, tunafungua, tunaangalia. Bale banaangalia saa tu."

Njaa ilipouma nilifungua bakuli la bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo nililofungasha alfajiri. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akienda kununua nguo Dubai alitoa kuku wake, mzee mwingine akatoa karanga, na tukala safu nzima kama ndugu wa ukoo mmoja. Tulipoitwa, jua lilikuwa limeinama, na yule mama alikuwa ameshaniahidi kunitafutia mchumba.

Mlangoni mwa ndege yaya alisimama akagoma kuendelea. Watu wakajaa nyuma yetu. Alimwambia mhudumu kwa Kifaransa kwamba kwenye reli mtu hapandi kabla hajamjua anayeendesha, na angependa kumsalimia dereva. Nilitaka sakafu ifunguke inimeze. Lakini mhudumu alicheka, akaingia ndani, akatoka na msichana wa Kihabeshi, mrefu, nywele zimefungwa vizuri chini ya kofia. Yaya alitazama nyuma yake akimtafuta dereva. Alipoelewa kwamba dereva ndiye huyo, alivua kofia yake.

"Mama," alimwambia kwa Kiswahili, kwa heshima zote, "umekula?"

Nikaligeuza kwa Kifaransa, mhudumu akaligeuza kwa lugha yao. Rubani akacheka mpaka akashika ukuta, akasema ndiyo, amekula vizuri.

"Bon. Dereva mwenye njaa haone mbele."

Akaenda kukaa, akafunga mkanda, akalala kama mtoto mpaka Adis Ababa. Mimi ndiye niliyekesha nikishika viti.

Adis Ababa

Ndege ya Sao Paulo haikutungoja. Tulipofika ilikuwa imeshakwenda, na nyingine ni ya kesho yake. Tulipelekwa hoteli moja yenye ngazi nyingi, tukalala, na Jumatano mchana tukashuka kutafuta chakula.

Yaya aliagiza nyama. Mhudumu, kijana mwembamba mwenye msalaba shingoni, alitikisa kichwa. Yaya akarudia: nyama, ya ng'ombe, ya mbuzi, yoyote. Kijana akaushika msalaba wake, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa tena kwa huzuni. Yaya alinigeukia, uso umebadilika.

"Yvonne, hapa bako na matanga."

Akasimama, akamshika yule kijana mikono yote miwili, akampa pole kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akamwambia Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayetwaa. Kijana hakuelewa neno, lakini aliguswa, naye akainamisha kichwa. Wakakaa hivyo. Meza zote zinatutazama. Mwisho mama mmoja aliyekuwa akila karibu nasi, mwenye Kifaransa cha Djibouti, alituambia polepole kwamba hapakuwa na msiba. Ilikuwa Jumatano, na Wakristo wa huko hawali nyama Jumatano na Ijumaa, karibu mwaka mzima.

Yaya alikaa chini. "Kwaresima ya kila wiki," alisema. "Na siye kwetu siku arobaini tu tunalia." Akala dengu na ule mkate wao mpana, mchachu, laini kama kitambaa, akaomba tena. Baadaye dada mmoja alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa mbele yetu, akachoma ubani, akatupa bisi kwenye sahani. "Kahawa yenye kufanyiwa misa," yaya akasema, na nikaona kwamba safari imeanza kumwingia.

Lakini alipoiona ramani kubwa ukutani pale hotelini, furaha ikakatika. Aliweka kidole kimoja juu ya Lubumbashi na kingine juu ya Chile, kisha akatafuta Adis.

"Yvonne, Chile iko kule, magaribi. Siye tuko huku. Tulisafiri siku mbili, na tuko mbali kuliko pale tulitoka! Kama bananiuliza leo, jibu ni hapana. Ile njia haiko njia."

Nilimfikiria Nadège akiwa na shela lake mkononi. Nikamkumbusha jambo moja alilonifundisha mwenyewe nilipokuwa mtoto, nikipanda naye locomotive kwenye uwanja wa stesheni.

"Yaya, treni ikitaka kubadilisha reli, haianze kurudi nyuma?"

"Inarudi," akasema bila kupenda. "Ile inaitwa manevri."

"Basi hapa ni manevri."

Aliondoa vidole kwenye ramani.

Sao Paulo

Juu ya bahari sina la kuwaeleza, maana ni maji, halafu maji. Tulikula mara mbili, tukasali rozari mara mbili, na miguu yangu ikavimba ikawa kama mikate.

Sao Paulo, Alhamisi, tulikuwa na muda wa kungoja ndege ya Santiago, tukaingia mahali pa kuuza chai. Hatukuwa na Kireno hata cha kuomba maji. Msichana wa pale alitusalimu, akaonyesha kwa mkono, na katika maneno yake yote tukasikia wazi: "mesa."

Yaya aliruka. "Umesikia? Amesema meza!"

Kweli alikuwa ametuonyesha meza. Tukakaa. Akarudi na maji, akauliza jambo, na ndani yake kukawa na neno "copo", huku akiinua kikombe cha kioo.

"Kopo!" yaya akapiga meza. "Yvonne, hapa tuko kwetu! Bale ni bantu ba kwetu, balisahau tu!"

Nilijaribu kumwambia kwamba Wareno walifika pwani zamani na maneno yao yakabaki katika Kiswahili, lakini hakutaka historia. Alimwita yule msichana akamsemesha Kiswahili cha Lubumbashi, sentensi ndefu kabisa: kama wazazi bako wazima, kama alizaliwa hapa, na kama kuna samaki. Msichana alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaenda jikoni, akarudi na keki.

"Kumbe amesahau mingi," yaya akakubali. Keki ilikuwa nzuri. Alikula na yangu.

Santiago

Tulifika Santiago Ijumaa asubuhi baada ya ndege ya Alhamisi kuahirishwa. Tulilala kwenye viti vya Sao Paulo, na hilo nalo nalipita. Kabla ya kushuka tuliona milima ya Andes, myeupe juu, imesimama kama ukuta ambao mtu ameujenga kwa hasira. Yaya alisema hakuna mhandisi wa reli ambaye angepitisha treni pale. Ndege ya Calama ilikuwa mchana uleule. Nikampigia Nadège simu: tumefika, jioni tuko kwako. Nilisema mapema mno.

Nchi ile inalinda mashamba yake kama mama anavyolinda kitoto kichanga. Mabegi yote yanapita kwa wakaguzi, na pale palikuwa na mbwa mdogo, mpole, aliyevaa kikoti. Alinusa begi la yaya, akaketi kando yake, akatutazama kama anayesema: samahani.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo. Hakujua Kifaransa, sisi hatukujua Kihispania. Akatoa karatasi yenye picha. Akaonyesha picha ya mbegu.

"Si mbegu, mama," yaya akajibu.

"¿Sí?"

"Si."

Mama akaweka alama. Akaonyesha picha ya nyama.

"Si nyama."

"¿Sí?"

"Si! Si, si, si!" Na kidole chake kikatikiswa hewani kwa nguvu.

Mama alitazama kidole kinachosema hapana na mdomo unaosema jambo jingine masikioni mwake. Akaonyesha matunda, maziwa, asali, mimea, mnyama hai. Kwa kila picha yaya aliapa: si, si, si. Wakaja wakaguzi wengine wawili. Kisha akaja mkubwa wao.

Ndipo sauti ya Kifaransa ikatoka nyuma yetu katika foleni. "Papa, nyamaza kwanza! Hapa 'sí' maana yake ni ndiyo. Umeshakubali kwamba una mbuzi ndani ya begi."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amesuka vizuri, amebeba mfuko mkubwa mgongoni. Jina lake Mirlande, mtu wa Haiti, anaishi Santiago, na alikuwa katika ndege yetu akitoka kumwona dada yake Brazil. Akasogea mbele, akawa mdomo wetu.

Begi likafunguliwa. Finkubala zikamwagika juu ya meza, nyeusi, kavu, nyingi, na mkaguzi kijana akarudi hatua nyuma. Yaya, ili kuonyesha kwamba ni chakula na si uchawi, alichukua moja akaitafuna mbele ya serikali ya Chile. Mkubwa wao alikunja uso, kisha akaanza kucheka, na yule mama naye akacheka mpaka akafuta macho. Lakini sheria ni sheria. Finkubala, samaki, unga, vyote vikaingia katika pipa. Hawakutuadhibu. Mirlande alitueleza kwamba anayeadhibiwa ni yule anayeficha, na sisi tulikubali kila kitu, hata vile tusivyokuwa navyo.

Tulipotoka, ndege ya Calama ilikuwa imefunga milango. Nyingine yenye nafasi ilikuwa ya kesho asubuhi, siku yenyewe ya arusi. Yaya alikaa juu ya begi lake lililobaki tupu. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Babatize ile safari jina lingine," alisema. "Siye tulifanya kila kintu muzuri, na hatuko tunafika. Kesho kama kuko ukungu, kama ndege inakufa, mutoto atangoja mbele ya kanisa. Ile ndiyo maisha yenye nitamupatia?"

Mirlande, ambaye alikuwa ameshatuaga, alirudi.

"Mna mahali pa kulala?" akauliza.

Kwa Mirlande

Anaishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili, maua ya plastiki dirishani na picha ya Bikira Maria juu ya mlango. Mume wake hufanya kazi ya zamu, hatukumwona. Alituonyesha bafu, akatupa taulo, akaingia jikoni. Nilitaka kumsaidia akanifukuza. Jioni ilipoanza kuingia aliweka sufuria katikati ya meza: unga wa mahindi uliopikwa, laini kuliko bukari wetu, maharage meusi yenye mchuzi, na parachichi.

Yaya alitazama sahani. Akanawa, akachukua tonge kwa mkono bila kuuliza, akalikandamiza, akachovya. Mirlande aliweka kijiko chake chini akamwangalia.

"Baba yangu naye anakula hivyo akiona hakuna wageni," akasema.

"Baba yako yuko?" yaya akauliza kwa Kifaransa.

"Yuko. Juu ya milima nyuma ya mji mkuu wetu."

"Unaenda kumwona?"

"Papa, ukitazama ramani, kutoka hapa mpaka kwa baba yangu ni karibu nusu tu ya njia yenu. Zamani nilikuwa naondoka leo, kesho yake nimefika. Sasa mji una vita vya magenge, kiwanja cha ndege kimefungwa, na barabara ya kupanda kwake haipitiki. Nina likizo. Hata zawadi nilikwisha kununua. Njia ndiyo haipo. Namsikia kwenye simu tu, na yeye kila siku ananiuliza kama kweli niko mzima au nasema tu kumtuliza."

Yaya aliacha tonge sahanini.

"Mpigie," akasema.

Mirlande akapiga. Sauti ya mzee ikatoka, mbali, yenye mikwaruzo. Binti akamweleza kwa lugha yao kwamba kuna mgeni, kisha akampa yaya simu. Yaya akainuka wima kama anayezungumza na mkubwa wa stesheni.

"Papa, jina langu Anaclet, natoka Lubumbashi, Kongo. Niko nyumbani kwa binti yako. Nimeiona nyumba kwa macho yangu. Ni safi. Amenipikia unga wa mahindi na maharage, na nimeshiba. Leo asubuhi alitusaidia sisi wageni mbele ya wakubwa, na watu wote walimsikiliza. Ni mzima. Sisemi ili nikutulize. Simjui vya kutosha kumsemea uongo."

Mzee akauliza kitu, taratibu, kwa Kifaransa chake cha shule ya zamani.

"Amekonda?"

Yaya alimtazama Mirlande kutoka kichwani mpaka miguuni. "Hapana, papa. Amenenepa kidogo."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mirlande naye alicheka, akageukia sufuria akaanza kuikoroga ingawa haikuwa tena motoni, na mabega yake yalitikisika kwa muda. Nilisimama nikaenda kusimama karibu naye. Yaya alibaki na simu, wazee wawili wakaongea habari za mvua na magoti yao mpaka salio likaisha.

Calama

Jumamosi asubuhi Santiago kulikuwa na ukungu. Ndege yetu ilikaa chini huku watu wakipiga miayo, na mimi nilikuwa nikisali kwa sauti niliyodhani ni ya moyoni, mpaka jirani akanipa peremende. Yaya hakuuliza saa hata mara moja. Alikaa akitazama nje. Ukungu ulipopasuka tuliruka, na chini yetu nchi ikaanza kukauka, kijani kikaisha, ikawa nyekundu na kahawia tu, bila mti, bila nyasi, mpaka mwisho wa macho.

Mlangoni mwa kiwanja cha Calama hewa ilikuwa kavu mpaka midomo inapasuka, na kwa kuwa mji uko juu sana, tulipumua kama tumepanda ngazi. Matías alikuwa pale, suruali ya arusi na shati la kawaida. Aliinamisha kichwa mbele ya baba mkwe.

"Jambo, papa. Mulifika muzuri?"

"Tulifika," yaya akasema. Basi.

Njiani tulipita kando ya milima ya mawe ya machimbo, mirefu, iliyomwagwa na watu. Yaya aliigeukia. "Ile terril ni kama ya kwetu," akasema, na Matías akathubutu kutabasamu.

Nadège alikuwa jikoni kwa mama mkwe wake, Mama Rosa, mwanamke mfupi mwenye mikono ya unga. Nywele zilikuwa tayari, gauni bado. Alipomwona baba yake hakukimbia. Alibaki amesimama, vidole vimeshika kiti.

"Papa. Njia ilikuwa namna gani?"

Yaya alivua kofia, akakaa. Mama Rosa, asiyejua neno la Kiswahili, alizima jiko.

"Iko mbali," yaya akasema. "Iko mbali sana, mutoto yangu. Bwana yako alinidanganya na saa yake kumi na mbili." Matías akatazama viatu vyake. "Tulianza kurudi nyuma. Tulikosa ndege mara mbili. Chakula yako yote balitupa, na miye nilikamatwa sababu ya neno moja. Kama ningefika jana, ningekuambia: vaa viatu, turudi."

Machozi yalikuwa yamemjaa Nadège machoni bila kushuka.

"Lakini jana nilisema na papa moja ku telefone. Mutoto yake iko karibu naye kuliko weye na miye, na hawezi kumufikia. Iko na nguvu, iko na roho, lakini njia ilifungwa. Miye yangu iko wazi. Ni mubaya, ni murefu, inazunguka kama mulevi, lakini iko wazi. Nitalalamika kilometa mbele ya ule papa? Nitakuwa na haya." Akamwita Matías karibu. "Ukimutesa, sasa minajua njia. Endeni mu kanisa."

Mama Rosa hakungoja tafsiri. Alimkumbatia yaya, na koti jeusi la yaya likaenda kanisani lina viganja viwili vya unga mgongoni.

Arusi siwaelezi yote, picha mmeziona. Vitenge vyetu vilipendwa, na wamama wa Calama walijifunga vyao palepale juu ya nguo zao. Jambo moja tu ambalo picha hazionyeshi: wakati wa kula, wahudumu walipita na masinia makubwa wakiita, "¿Papas? ¿Papas?" Yaya alisimama kwa heshima. "Niko hapa." Wakampakulia. Akakaa. Mwingine akaja: "¿Papas?" Akasimama tena. Alikuwa amekula sahani tatu kabla Nadège hajapata nafasi ya kumwambia kwamba kule papa ni kiazi. "Nilifikiri banaheshimu baba ya bibi arusi," akasema, na akamaliza ya tatu, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Nyumbani

Tulikaa wiki mbili, kisha tukarudi kwa njia ileile, kwa manevri zilezile, na Luano tukapokewa na nusu ya Katuba. Nimelala siku tatu. Yaya hakulala. Nilipokwenda kwake juzi nilimkuta mbele ya nyumba na jirani yake, mzee Kasongo, ambaye hajawahi kufika hata Likasi hapa karibu bila kulalamika.

"Sasa, Anaclet," mzee Kasongo alikuwa akiuliza, "kule kwa mutoto, iko mbali?"

Yaya alinyoosha mkono kuelekea upande wa Luano, kama anayemwelekeza mtu nyumba ya fundi viatu.

"Hapana. Unatoka hapa, unapita Adis, halafu Sao Paulo, pale kuko keki muzuri. Ukifika Santiago, usiseme kintu, nyamaza tu. Kutoka pale ni karibu. Ukishuka Calama, uliza nyumba ya Mama Rosa. Batakuonyesha."